Barua za Walimu Watarajiwa: Kabla hujaandika "somo limeeleweka"

Shikamoo zenu zimenifikia zote, nami naitikia kwa pamoja: marahaba, wanangu. Wengi mlioandika mwezi huu mko kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP kama mnavyoiita, na naona kwenye mwandiko kwamba barua nyingine zimeandikwa usiku, mtu akiwa amechoka. Nimechagua sita. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya watu, shule na vyuo nimeyaondoa, kwa kuwa bado mko mikononi mwa watakaowapa alama.

"Sijawahi kusikia wito wowote"

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, ngazi ya cheti. Ualimu sikuuchagua. Niliomba uuguzi nikakosa, mjomba akanijazia fomu ya ualimu. Sasa niko BTP, nimepewa Darasa la Tatu lenye watoto 112. Siku ya kwanza nilisimama mbele yao nikasahau hata mada. Nikageukia ubao, nikaandika tarehe polepole ili moyo utulie. Wenzangu wanasema ualimu ni wito, na asiye na wito atawaharibu watoto wa watu. Je, niache mapema?*
*Asiye na wito, Kigoma*

Usiache. Nikuambie kwanza mimi niliingiaje.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 16, nimemaliza Darasa la Saba, niko nyumbani Nzega nabangua karanga za mbegu. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumwambia baba kwamba jina langu limeshapelekwa. Hakuna aliyeniuliza. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977, na walimu wa kuwapokea hawakuwepo. Basi tukachukuliwa sisi, watoto wa juzi, tukawa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Chuo hatukukiona kwanza. Tulifundisha vipindi vichache palepale kijijini, na saa zilizobaki tukafundishwa sisi: mratibu wa elimu wa kata alitukusanya, tulisikiliza masomo ya redio, tulijibu masomo ya posta. Ikaenda hivyo miaka mitatu, kisha wiki chache za kuishi chuoni, ndipo nikapata cheti cha Daraja la IIIC, ngazi ya chini ya ualimu.

Darasa langu lilikuwa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Watoto 63 wa Darasa la Kwanza. Mwaka wa pili akaja mkaguzi, mzee mpole aliyevaa suti ya Kaunda. Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia watoto, "Someni!" Wakasoma ukurasa mzima kwa pamoja, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye ghala la pamba. Nilijaa fahari mpaka mikono ikatetemeka.

Mkaguzi akaomba kitabu. Akamwita mtoto mmoja wa mbele, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaziba mistari ya juu kwa kiganja, akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa. "Hili ni neno gani?" Mtoto akakitazama kidole, akavuta pumzi, akaanza kusoma ukurasa wote tangu mwanzo, kwa sauti ileile, akitafuta atakutana na kidole wapi. Hakukutana nacho. Mzee akaita wa pili, akaita wa tatu, mpaka wakafika 11. Waliolijua neno walikuwa wawili. Neno lenyewe lilikuwa "kikapu".

Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, walipokuwa wakisoma, wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

Nilikuwa nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka vinywani mwao. Usiku ule niliwasha kibatari, nikachukua daftari lililobaki kurasa, nikaandika majina ya watoto wote 63 upande wa kushoto, na mbele ya kila jina nikajaribu kuandika jambo moja ninalolijua kumhusu: anasoma nini, anakwama wapi. Kwa watoto 19 sikuwa na cha kuandika. Nilikuwa nimewafundisha zaidi ya mwaka, nami nawajua kwa jina la rejista tu.

Asubuhi sikusimama ubaoni. Nilikaa kwenye gogo, nikamwita wa kwanza kati ya wale 19 aje na kitabu. Ukiniuliza wito wangu ulikuja lini, nitakutajia gogo lile. Ulikuja baada ya kazi kuanza, tena baada ya aibu. Nimefundisha miaka 28, nikawa mkufunzi miaka 16, na nimewaona waliofika chuoni wakiimba habari za wito, na nimewaona waliojaziwa fomu na mjomba. Mwanzoni huwezi kuwatofautisha kwa maneno yao. Utawatofautisha wiki ya tano ya mazoezi, ukimwuliza kila mmoja, "Nani darasani kwako hawezi kutoa kwa kuchukua?" Mmoja atakuambia "wengi". Mwingine atakutajia majina.

Sasa hao watoto wako 112. Usijaribu kuwaona wote kwa siku moja, utaishia kutoona hata mmoja. Chukua wanne kila siku. Wanne tu. Katika siku 28 za masomo, yaani wiki zisizofika sita, utakuwa umewapitia wote. Jioni andika mstari mmoja kwa kila mtoto, nawe uandike kilichoonekana, usiandike hukumu. "Mtundu" na "mzembe" ni hukumu. "Anaandika 71 badala ya 17" ni kitu ulichokiona. "Anasubiri jirani aandike kwanza" ni kitu ulichokiona. "Ameshika penseli kwa ngumi nzima" pia. Vitu vya namna hii unaweza kuvifanyia kazi kesho yake.

Na kuhusu kusahau mada: andika sentensi yako ya kwanza na swali lako la kwanza kwenye kipande cha manila kinachoenea kiganjani. Kisha ingia darasani na kitu mkononi, hata kama ni mfuko wa vizibo vya soda. Macho 224 yataangalia mfuko badala ya kukuangalia wewe, na katika dakika hiyo moyo wako utakuwa umetulia bila kuwapa mgongo.

Ulimi usiotofautisha r na l

*Mwalimu, shikamoo. Lugha ya nyumbani kwetu haitofautishi r na l, nami nikizungumza sijisikii kosa langu. Tulipokuwa tukifundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni niliandika "ra" ubaoni nikasema "la", wenzangu wakacheka mpaka mkufunzi akawatuliza. Muhula ujao napelekwa Darasa la Kwanza kufundisha kusoma. Nitawafundishaje watoto kitu ambacho mwenyewe sikiwezi?*
*Mwana wa Ziwa*

Marahaba mwanangu. Kwanza, usiionee haya lugha ya mama yako. Umekuja na lugha mbili, na ulimi ulioweza kujifunza ya pili utajifunza na hii sauti moja.

Kosa la wengi ni kuanza na ulimi, na hali kinachohitaji kufundishwa kwanza ni sikio. Umeandika mwenyewe kwamba husikii. Basi tafuta mwenzako mmoja unayemwamini, mpe orodha ya jozi: kula na kura, hali na hari, mahali na mahari, bala na bara. Ayasome kwa kuyachanganya, wewe umempa mgongo, unanyanyua mkono kila ukisikia r. Dakika kumi kila jioni. Kwa wiki mbili za mwanzo usitamke lolote, sikiliza tu. Utaanza kwa kubahatisha, halafu siku moja utaona mkono umenyanyuka kabla hujafikiri.

Ndipo uende kwenye ulimi. Ukisema l, ncha ya ulimi inatua nyuma ya meno ya juu na kukaa kidogo, hewa inapita pembeni. Ukisema r, ncha inagonga mara moja na kuondoka. Sema "ada, ada, ada" kwa haraka, haraka zaidi, ulimi ukiwa laini, mpaka ncha ikose nafasi ya kutulia. Itafika mahali "ada" itateleza iwe "ara". Ishike hapo. Ifanye ukiwa unafua, ukiwa njiani kwenda kuteka maji, popote usipokuwa na wa kukucheka.

Huenda muhula utaanza kabla hujamaliza. Usingoje uwe mkamilifu. Mrekodi kwenye simu mtu mwenye matamshi safi akisema ra, re, ri, ro, ru na la, le, li, lo, lu, uwachezee watoto sauti hiyo huku wewe unaonyesha herufi kwa kidole. Waambie wazi, "Hii herufi ulimi wangu unajifunza kama ninyi." Nilimsimamia kijana mmoja aliyefanya hivyo. Watoto walimpenda kwa kuwa walikuwa na jambo la kumsaidia, na kila aliposema "lahisi" walimrudisha kwa upole, "rahisi, mwalimu", naye akarudia. Mwisho wa mazoezi kosa lake lilikuwa halijaisha lote. Watoto wake walikuwa wakiandika imla ya r na l bila kuchanganya.

Mwalimu asiye na fimbo

*Mama Mkufunzi shikamoo. Shuleni nilipo kila mwalimu huingia darasani na fimbo. Mimi sina. Darasa la Tano wananizomea, na ofisini walimu wanasema, "Huyu wa chuo atapandwa kichwani." Jana mmoja alinipa ya kwake na kuniambia kwa wema kabisa, "Chukua, dada, utateseka bure." Nimeiweka chini ya kitanda. Nifanye nini?*
*Mwenye fimbo chini ya kitanda, Singida*

Iache hukohuko, au mrudishie kwa heshima.

Kwanza ujue kanuni, kwa sababu wengi wanaibeba fimbo bila kuijua. Kanuni za 2002 zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemruhusu kwa maandishi. Visizidi vinne. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa hayupo shuleni. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Wewe mwanachuo huna karatasi hiyo ya ruhusa. Siku mtoto akiumia, atakayeulizwa ni wewe, na yule mwalimu mwema aliyekupa fimbo hataulizwa.

Lakini sitaki uache fimbo kwa kuogopa kanuni peke yake. Mwaka 1984 nilikuwa na mvulana wa Darasa la Nne ambaye kila nilipomkemea alitabasamu. Nikaona ananidharau mbele ya wenzake. Siku moja nilimchapa mkononi kwa kutomaliza hesabu, akatabasamu, nikaongeza. Akatabasamu zaidi, midomo ikitetemeka, nami nikaongeza tena. Mchana dada yake wa Darasa la Sita akaja mlangoni, akasimama, akapiga goti akasema, "Mwalimu, samahani, huyu akiogopa ndivyo anavyokuwa. Hata siku mama alipofariki alikuwa hivyo hivyo."

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Baba yake hakunielewa kabisa, akadhani nimekuja kushtaki, akaanza kuitafuta fimbo yake mwenyewe. Ilinibidi nimshike mkono. Miaka zaidi ya 40 imepita na ule uso bado ninao. Tangu siku hiyo sikumpiga mtoto tena, na madarasa yangu hayakuwa makimya kama kaburi, ila yalifundishika.

Kinachotuliza Darasa la Tano ni majina. "Wewe wa nyuma, nyamaza" haimfikii mtu. Jina linamfikia. Wiki hii jifunze majina ya wale kumi wanaoanzisha kelele, kisha wape kazi mikononi: huyu agawe vitabu, huyu afute ubao, huyu ahesabu waliomaliza. Ukitaka kunyamazisha, teremka kwa sauti badala ya kupanda, na uende ukasimame karibu na kelele ilipo, ukiendelea kufundisha bila kuikatiza sentensi. Piga makofi kwa mdundo waurudie. Mara ya tatu wote wako nawe. Na ujichunguze: mara nyingi kelele inaanza dakika ya kumi na tano, wewe ukiwa bado unaongea nao hawajapewa cha kufanya. Gawa kazi mapema.

Ofisini usibishane. Wale ni wakubwa zako, wengine wana madarasa mazito kuliko lako na mishahara midogo. Wasalimie, wasaidie kusahihisha, wachotee maji ya chai. Wakikuuliza tena fimbo iko wapi, sema, "Chuo kimetukataza, mwalimu," na uishie hapo.

Miaka 34 bwenini

*Shikamoo dada. Nina miaka 34, watoto wawili, nimeanza chuo mwaka huu. Mtoto wangu wa mwisho hajafika miaka mitatu, nimemwacha kwa bibi yake. Wenzangu bwenini wana miaka 19 na 20, wananiita mama. Najiona nimechelewa sana.*
*Mama wawili, Mtwara*

Marahaba mdogo wangu. Mimi Daraja la IIIA, cheti cha ngazi ya juu kuliko ile IIIC, nililipata nikiwa na miaka 33, na stashahada nikiwa na 41. Hujachelewa.

Jambo moja tu nikuonye, kwa sababu nimeliona likiwaangusha wenye umri wako. Hao mabinti wakikuita mama, watakuletea kila kitu: ugomvi wa ndoo, mchumba asiyepiga simu, homa za usiku. Ukiwa na moyo wa mama utawapokea wote, na saa ya kusoma itaisha. Wawekee muda. Baada ya chakula cha jioni, nusu saa, mlango wazi. Baada ya hapo wewe ni mwanachuo kama wao.

Kwa mtoto, piga simu saa ileile kila siku, hata dakika tatu. Msimulie hadithi moja ukiikata vipande, kesho uendelee ulipoishia. Mtoto wa umri huo hajui wiki wala muhula, lakini atajua kwamba sungura bado yuko mtini na mama atapiga kusema alishukaje.

Andalio la kupakua

*Mwalimu, wenzangu wanapakua maandalio ya masomo kwenye simu, wanabadilisha jina la shule na tarehe, basi. Mimi naandika hadi saa sita usiku. Mkufunzi akija tunapata alama zilezile. Na mimi nipakue?*
*Aliyechoka, Songea*

Pakua kinachokusaidia, sina ugomvi. Umahiri mkuu na umahiri mahususi umetoka kwenye muhtasari. Huwezi kuubuni, na kuunakili kwa mkono hadi saa sita hakukuongezei kitu. Hata shughuli nzuri ya kuhesabu aliyoibuni mwalimu wa Lindi, itumie.

Kuna sehemu moja isiyopakuliwa, iko mwishoni kabisa: tathmini na maoni. Katika miaka yangu ya ukufunzi nimesoma maandalio yasiyo na idadi, na sehemu hiyo ilikuwa na maneno mawili: "Somo limeeleweka." Kila siku, kila somo, kila shule. Wengine waliyaandika asubuhi kabla ya kipindi ili kazi iishe. Mara moja nilimkuta mwanachuo ameandika "somo limeeleweka" kwenye andalio la siku ambayo mvua ilinyesha na watoto hawakufika.

Nakumbuka andalio moja la msichana ambaye mwandiko wake ulikuwa mbaya na hatua zake hazikukaa kwenye safu. Kwenye maoni aliandika hivi: "Watoto 14 kati ya 61 wanajumlisha kuanzia kushoto. Kesho nitaanza na hao kwa vijiti. Kosa ni langu, jana nilisema 'anzeni hapa' bila kuonyesha wapi." Nilimpa alama za juu kuliko wote wa kituo kile, na wenzake walikuja kulalamika. Niliwasomea yale maoni, kisha nikawauliza kila mmoja, "Wako walikuwa wangapi?"

Kwa hiyo lala mapema. Muda uliokuwa ukinakili usiku, tumia dakika 15 mchana, kipindi kikiwa bado kichwani, uandike maoni ya kweli. Hapo ndipo utakapokua. Mkufunzi wako asipoyasoma, utayasoma wewe wiki inayofuata ukipanga.

Aliyehitimu anayesubiri

*Shikamoo Mwalimu. Nilihitimu stashahada 2021, Hisabati na Fizikia. Nimeomba ajira kila tangazo linapotoka. Naendesha bodaboda hapa Morogoro, na siku tatu kwa wiki najitolea shule ya sekondari ya kata, wananipa nauli. Mwanzoni nilikuwa na moto. Sasa nahisi napata kutu. Wenzangu wa kijiwe wananiita Ticha, zamani nilifurahi, siku hizi jina linauma.*
*Ticha wa kijiweni*

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwanangu, inaniuma. Mimi nilichukuliwa nikiwa na miaka 16, sijui kitu, kwa sababu nchi ilihitaji walimu. Wewe umesoma, una Hisabati na Fizikia ambazo shule za kata zinazililia, na unabeba abiria. Sikwambii uvumilivu hulipa, maana sina mamlaka ya kukuahidi hilo, nawe umeshavumilia kuliko wengi.

Ninachoweza ni kukueleza namna ya kuzuia hiyo kutu.

Kwanza, weka mpaka. Siku tatu zisiwe nne kwa sababu mkuu wa shule ameomba vizuri. Unahitaji kula, na mwalimu mwenye njaa huwa mkali kwa watoto bila kujua. Na omba barua rasmi ya mkuu wa shule inayoonyesha tarehe ulizoanza, masomo na madarasa unayofundisha. Omba sasa, angali yuko. Wakuu huhamishwa, na anayekuja hakujui.

Pili, umesoma chuo kabla ya mtaala ulioboreshwa wa 2023. Ukiitwa kwenye usaili ukijibu kwa lugha ya muhtasari wa zamani, watakuona umeachwa. Mihtasari na vitabu vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unaweza kuvisoma kwenye simu hiyohiyo unayosubiria abiria. Chukua mada moja kwa wiki, uiandikie maswali matatu utakayoanza nayo darasani. Hapo shuleni waulize pia kama wanakutana kwa MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Omba kukaa nao hata kama jina lako haliko kwenye orodha. Kaa, sikiliza, lete swali lako moja la kweli.

Tatu ni hilo jina la kijiweni. Hapo nataka tuongee kidogo zaidi. Unasema linauma kwa sababu unalisikia kama deni usilolipwa. Lakini wale vijana hawakukupa jina kwa kukucheka, ungekuwa unachekwa ungeniandikia hivyo. Wanakuita Ticha kwa sababu wameona kitu. Huenda kuna mmoja ulimweleza hesabu za marejesho ya mkopo wa pikipiki. Huenda kuna mwingine asiyesoma vizuri anayekuletea meseji umsomee kwa siri. Nimeishi na watu wazima wasiojua kusoma tangu enzi za kisomo cha watu wazima, nawajua wanavyojificha: husema wamesahau miwani, au simu imeisha chaji. Kama yupo wa namna hiyo kijiweni kwenu, unaye mwanafunzi mmoja ambaye hahitaji kibali cha mtu yeyote.

Tena hao watoto wa siku tatu, wa Kidato cha Pili, ni wanafunzi wako kamili. Hawajui kwamba hulipwi. Fizikia yao wataipata kwako au wataikosa. Kama huna vifaa vya maabara, una pikipiki: breki ni msuguano, mnyororo na sproketi ni mashine, tairi ni mgandamizo, kioo cha pembeni ni kioo mbinuko. Ipeleke uwanjani siku moja, izungushe gurudumu, waache wapime kwa uzi ni mizunguko mingapi ya sproketi ya mbele kwa mzunguko mmoja wa gurudumu la nyuma. Kisha uandike jioni nani aliuliza nini.

Nataka barua nyingine kutoka kwako, usininyime. Usinieleze habari za ajira, isipokuwa imetoka. Nieleze siku uliyoipeleka pikipiki uwanjani, na mtoto wa kwanza aliyeinama kuuangalia mnyororo kwa karibu: alisema nini?